Kuvua na kuchokoa kaa kwenye mikoko: maswali tunayoulizwa kila mara na wenzetu wa Dar

Kila ninapotuma picha ya kaa aliyefungwa kamba kwenye kundi la WhatsApp, simu yangu hailali. Maswali ni yale yale, nami nimechoka kuyajibu kwa sauti za dakika tatu tatu, kwa hiyo nimeyaweka hapa. Mimi si mvuvi wa kazi. Ni mtu wa ofisini ambaye mara nne au tano kwa mwaka hutoka na marafiki watano kwenda kwenye midomo ya mito, na makosa mengi yanayowezekana kufanywa huko tumekwisha kuyafanya.

Tunataka kwenda Jumamosi ijayo. Inafaa?

Sijui. Nitajie kwanza mwezi una siku ngapi.

Sikutanii. Watu wa mjini hupanga safari kwa kuangalia nani ana zamu, nani ana harusi na mshahara unaingia lini, halafu wakifika pwani wanakuta maji yana ratiba yake. Bahari ya Dar hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikizidi mita 3. Katikati yake ni maji mafu, ambapo bahari hucheza kidogo tu. Anayefuata kalenda ya Kiislamu hahitaji programu ya simu. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25 ni maji mafu, kwa makadirio.

Jambo zuri la Dar ni kwamba siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni. Hiyo ni siku iliyokatwa kwa ajili yetu. Asubuhi mnachokoa kaa, yaani mnawatoa mashimoni kwa chuma, matope yakiwa wazi, adhuhuri mnakula kivulini, alasiri mnatupa mshipi maji yakipanda, jioni mnatoka boti ikielea. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa jioni, lakini hayapwi vya kutosha kufungua mashimo ya kaa. Siku hizo nenda kwa ajili ya samaki tu.

Kwa hiyo chagua Jumamosi iliyo karibu na bamvua, kisha ndiyo uulize nani ana zamu. Bamvua ikianguka Jumatano, ujue Jumamosi maji yatapwa kwenye saa saba mchana hivi, na mpango mzima usogee.

Twende wapi?

Kwa mara ya kwanza, karibu. Sisi tulianzia Ras Dege, kusini mwa Kigamboni, ambako mkono wa bahari unaingia katikati ya mikoko. Ukiwa na gari na mizigo pita Daraja la Nyerere; pantoni la Kivukoni ni zuri kwa mtu mwenye begi moja. Upande wa kaskazini kuna mikoko ya Mbweni na mdomo wa mto Mpiji, njia ya kuelekea Bagamoyo. Huko kote unaenda na kurudi siku moja.

Safari ya pili au ya tatu, mkishazoeana, ndiyo mfikirie delta ya Rufiji. Delta ile ina mikoko ya hekta kama 50,000, na ukiingia ndani unapotea: kila mkondo unafanana na mwenzake. Unatoka Mbagala Rangi Tatu kwa barabara ya Kibiti, unakata kushoto Bungu kwenda Nyamisati, palepale wanapopandia boti za Mafia. Huko ni safari ya kulala usiku mmoja au miwili, siyo ya kwenda na kurudi. Mmoja wetu huwa haachi kuuliza kuhusu manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye mikondo ile hadi ikazamishwa tarehe 11 Julai 1915. Usiende kwa ajili yake. Imekatwakatwa kuwa vyuma chakavu na kilichobaki kimemezwa na matope.

Pasipofaa: mdomo wa Msimbazi, pale Salenda. Kaa wapo, na utawaona vijana wakiwatoa. Lakini mto ule unapita katikati ya jiji na kubeba maji machafu ya viwanda na ya vyoo, na kaa anakula kila kinachotua kwenye tope. Mimi siwali. Pia mdomo wa Wami uko ndani ya Hifadhi ya Taifa Saadani, usijaribu. Na wale wanaodhani watapitia Mbudya au Bongoyo kutupa mshipi wakirudi: vile ni visiwa vya hifadhi ya bahari, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, tangu 1975. Unaenda kuogelea na kula samaki aliyevuliwa kwingine.

Mwezi gani wa mwaka ni mzuri?

Tunapenda Oktoba na Novemba, wakati wa matlai, upepo ukiwa umelala kati ya kusi na kaskazi. Desemba hadi Februari kaskazi inavuma lakini ndani ya mikoko hauisikii sana. Juni hadi Agosti kusi inachafua bahari ya wazi. Kwenye mkono wa bahari uliojificha bado unaweza kuvua, mradi usilazimike kukata nje kwenye mawimbi. Masika, hapana. Mto ukijaa, maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa, chumvi inapungua na samaki wa baharini wanasogea nje. Rufiji wakati wa masika ni jambo jingine kabisa. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha nyumba na mashamba ya watu.

Siku mbili kabla, angalia utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakisema upepo mkali, ahirisha. Chambo kitakaa kwenye friza.

Tunahitaji leseni?

Ndiyo, hata kama unavua kwa kujifurahisha. Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009. Nenda ofisi ya uvuvi ya wilaya unayokwenda kuvua, siyo unayoishi, na ufanye hivyo wiki moja kabla. Ukifika kijijini, ripoti kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Wao ndio watakaokuonyesha nahodha wa kuaminika, na ndio watakaouliza kwanza mkichelewa kurudi.

Mikoko nayo ni msitu wa hifadhi, iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Usikate hata tawi la kuchomea samaki. Beba mkaa kutoka nyumbani.

Kaa tunawakamata vipi?

Kuna njia mbili, na kila moja ina watu wake.

Ya kwanza ni kuchokoa. Maji yakishapwa unaingia kwenye tope kwa miguu na kijana wa pale mwenye chuma kirefu kilichopindwa ncha kama kulabu. Anatafuta mashimo chini ya mizizi ya mkoko, ile inayosimama kama miguu ya buibui. Shimo lenye mwenyewe lina tope jipya mdomoni na alama za miguu. Anaingiza chuma taratibu, anasikiliza kwa mkono, kaa anagonga chuma kwa hasira, naye anamvuta kwa hila bila kumvunja. Nimejaribu miaka yote hii na ninapata kaa mmoja pale mwenzangu anapopata wanane. Usione aibu kumlipa mtu akufundishe. Usichimbe shimo kwa jembe wala usivunje mizizi. Shimo lililo zima hupata mpangaji mwingine, lililobomolewa halipati.

Ya pili ni mtego: duara la chuma lenye wavu, au kidema (mtego wa kusuka) kidogo, likifungwa kichwa cha samaki katikati. Mnautega kwenye kingo za mkondo maji yanapoanza kujaa, mnakagua kila baada ya dakika 20 au 30. Kichwa cha changu au cha jodari ni chambo kizuri; miguu ya kuku inadumu zaidi kwa sababu haikatiki upesi. Fungeni chambo kwa waya, siyo kwa uzi. Mitego mhesabu mnapotega na mhesabu mnapotoa. Uliosahaulika unaendelea kuua kaa bila faida kwa mtu yeyote.

Kama kundi lina watu wasiopenda tope hadi magotini, njia ya pili ndiyo yao, wakiwa boti na kofia zao.

Nitajuaje kaa wa kuchukua na wa kuachia?

Mgeuze tumboni. Dume ana kifuniko chembamba chenye umbo la pembetatu iliyochongoka. Jike mzima ana kifuniko kipana cha duara. Jike mwenye mayai, yale ya rangi ya chungwa au kahawia chini ya kifuniko, anarudi majini hapo hapo. Sisi tumekwenda mbali zaidi: majike wote tunawaachia. Jike wa kaa wa mikoko huenda kutagia baharini nje, na ukimla njiani umekula na watoto wake. Wenzangu wawili walinuna mwaka wa kwanza, sasa wamezoea.

Halafu bonyeza gamba kwa chini, karibu na mizizi ya miguu. Likibonyea, huyo amejivua gamba karibuni na ndani amejaa maji. Ukimpika utapata supu isiyo na nyama. Mwachie anenepe. Na yeyote ambaye gamba lake halifiki upana wa kiganja changu chenye vidole vilivyotandazwa, anarudi. Dume mkubwa anaweza kuzidi kilo 2, kwa hiyo mvumilivu hakosi.

Akinibana je?

Utapiga kelele, na wote watacheka, kisha wataona damu waache kucheka. Gando la dume mkubwa linavunja kidole. Usimvute na usimpige, atakaza. Shusha mkono hadi kaa aguse tope au maji, utulie, mara nyingi ataachia mwenyewe akimbie. Asipoachia, mwenzako abandue gando kwa koleo.

Mshike kwa nyuma tu, kidole gumba juu ya gamba na vingine chini, miguu ya nyuma ya kuogelea ikiwa kiganjani. Mfunge magando kwa kamba ya katani au ukindu kabla hajaingia kwenye gunia. Gunia lenye kaa wasiofungwa ni vita: utafika nyumbani na magando kumi na kaa watatu.

Na samaki? Twende na vifaa gani?

Mshipi wa mkono unatosha. Wenye fimbo za kuvulia za bei wanakaribishwa, ila kwenye mikoko fimbo inashika matawi na mwenye nayo hushika adabu. Chukua mshipi wa kama kilo 15 wa kutumia katikati ya mkondo, ndoana za kati, chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) ndogo kwa sababu unataka chambo kitembee na maji, na waya mfupi mbele ya ndoana kama kuna mzia, samaki mwenye meno makali. Chambo bora ni kamba mbichi, vipande vya ngisi au dagaa wazima.

Wakati mzuri ni saa mbili za mwisho za maji kujaa na saa ya kwanza ya kupwa. Maji yakianza kupwa, samaki wadogo na kamba hulazimika kutoka kwenye mizizi, na wakubwa huwasubiri mlangoni pa mkondo. Nawe kaa hapo hapo, boti ikiwa imefungwa kimya. Kwenye mikono hii ya bahari tumepata kolekole, chaa, kelea, mkizi wa kwenye wavu wa kutupa wa nahodha, na chewa wachache wanaoingia kwenye mizizi na kukata mshipi kabla hujasema bismillahi.

Hongwe, kambare wa baharini, utampata hata usipomtaka. Ana miiba mitatu yenye sumu, mmoja mgongoni na miwili mbavuni. Mtoe kwa koleo. Bunju, yule anayevimba kama mpira, asiliwe na mtu wala paka. Mrudishe. Ukitembea kwenye maji ya kina kifupi buruta miguu, usikanyage kwa kuinua, ili samaki taa aliyejifukia akusikie aondoke. Aliyechomwa na taa au hongwe, loweka jeraha kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia bila kuungua, kwa saa nzima au zaidi, na mumpeleke kituo cha afya. Ndiyo maana chupa ya chai yenye maji ya moto haibaki nyumbani.

Boti tukodi ya namna gani, na tulipeje?

Boti ya faiba yenye injini ndogo, watu sita na nahodha. Ngalawa ni nzuri kwa watu wawili watatu wasio na haraka. Mtu wa saba ni kelele.

Mapatano yafanyike kabla ya kupanda, na yataje kila kitu: boti, nahodha, kijana wa kuchokoa, mafuta. Mafuta ndiyo yanayozua ugomvi. Injini ya nguvu farasi 15 ikikimbizwa hunywa lita 5 hadi 7 kwa saa, kwa hiyo hesabu saa zenu, ongeza theluthi ya akiba, nunueni wenyewe na mwone yakimiminwa. Jaketi okozi ziwe idadi ya watu, na kila mtu aivae, siyo aikalie. Hilo sijadiliani na mtu. Anayesema anajua kuogelea abaki ufukweni aogelee.

Nahodha akiwa mtu mzima, anza na shikamoo, siyo na "bosi bei gani?" Mhesabieni chakula. Na akisema turudi, tunarudi. Miaka ya mwanzo tuliwahi kumbishia mzee mmoja kwa sababu rafiki yetu wa benki alikuwa ndiyo kwanza amepata mkizi wa pili. Maji yalitukimbia tukiwa ndani ya mkondo mwembamba. Boti ililala ubavu kwenye tope, tukakaa humo saa tano na mbu, tukila ndizi moja kwa watu wawili, na mzee hakusema neno hata moja. Kimya chake kilituuma kuliko mbu. Tangu siku hiyo tunaingia mkondoni na maji yanayojaa, ili tukikwama maji yatunyanyue, na tunatoka kabla hayajapwa nusu. Kumbuka pia kwamba ndani kabisa ya mikono maji huchelewa kufika kuliko saa zilizoandikwa kwenye jedwali la bandari.

Kuna mamba?

Rufiji na Ruvu, ndiyo, pamoja na viboko. Huko hatushuki majini, hatunawi mikono ukingoni, na kuchokoa tunafanya pale tu wenyeji wanapotembea wao wenyewe. Adui wa kila siku ni mdogo zaidi: mbu wa magharibi na chaza walioshika kwenye mizizi, wanaokata kama wembe. Mikono mirefu, dawa ya kupaka, na raba kuukuu za kufunga kamba. Ndala zinabaki kwenye tope la kwanza. Mabuti ya mvua yanabaki la pili, na wewe ndani yake.

Maji ya kunywa lita 3 kwa mtu, simu kwenye mfuko usiopitisha maji, na namba 112 mnaijua. Ila ndani ya delta mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo mwachieni mtu wa nchi kavu saa ya kurudi.

Kaa tunawafikishaje nyumbani wakiwa hai?

Gunia lililoloweshwa maji ya chumvi, kivulini, hewa ipite. Usiwaweke kwenye ndoo ya maji ya bomba, watakufa. Wakiwa na unyevu na ubaridi hukaa siku nzima na zaidi bila shida. Aliyekufa njiani tupa, hata akuume roho vipi, maana nyama yake huharibika upesi.

Kabla ya kupika mlaze kwenye barafu hadi alegee, kisha mfungue, msafishe, mkate vipande, uvunje magando kwa mchi. Kitunguu, saumu, tangawizi, pilipili mbuzi, tui jepesi achemke humo kama dakika 15, tui zito mwishoni na ndimu ukishaepua. Wapo wanaotia binzari. Sigombani nao, ila kaa mbichi wa leo hahitaji kufichwa. Wali mweupe. Magazeti chini ya meza.

Nani asije?

Mwenye harusi usiku huo. Anayeweka muziki. Anayesema "nitakutumia mchango Jumatatu"; mchango unaingia kwenye simu ya mhazini kabla ya Alhamisi, la sivyo nafasi inapewa mwingine. Vijiji vingi vya huku ni vya Waislamu, kwa hiyo bia haziteremshwi bandarini na nguo ziwe za heshima, na Ramadhani hatupangi safari, maana nahodha amefunga.

Na tukikosa kabisa?

Imetokea mara mbili. Mara zote mbili tulipita soko la samaki la Feri kesho yake asubuhi tukanunua. Sheria ya kundi ni kwamba kaa wa Feri hapigwi picha.